Je, Kamera Yaweza Kutunza Ng'ombe?



Mwezi huu ukurasa wetu ni wa ng'ombe. Asishangae mtu. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina ng'ombe wa maziwa, na zile zisizo naye hununua maziwa kwa jirani aliye naye, basi yanayompata ng'ombe hutupata sote. Tena kijana mmoja wa umoja wa vijana ametuletea swali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale mlangoni baada ya ibada. Alikuwa amesoma kwamba katika mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani iko kamera inayotazama migongo ya ng'ombe kila siku na kusema ni yupi amekonda na ni yupi amenenepa, wala mtu hana haja ya kuingia zizini. Akauliza: mwenye ng'ombe akiiachia kamera kazi ya kutazama, je, bado anawatunza, au ameacha?

Waliokuwapo walijibu upesi. Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya huko, kwetu ng'ombe hutunzwa kwa mkono. Mama mmoja akasema afadhali kamera kuliko kibarua mlevi. Watu wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Sisi twaona kila jibu lina ukweli wake, lakini yote mawili yalikwenda mbio mno, na swali lilistahili kukaliwa kitako.

Kwanza yafaa tujue ni nini hasa kinachotazamwa. Mtu ajuaye ng'ombe husimama nyuma yake, akamtazama, kisha akampapasa. Hupitisha kiganja juu ya mbavu fupi za kiunoni, asikie kama ncha zake ni kali au zimefunikwa na nyama. Hutazama mifupa ya nyonga na ile ya makalio, na bonde lililo katikati yake. Hutazama shina la mkia, kama pande zake zimebonyea au zimejaa mafuta. Kutokana na hayo hutoa alama. Kwa kipimo kinachotumika sana Marekani, alama 1 ni ng'ombe aliyebaki mifupa na ngozi, alama 5 ni aliyenenepa kupita kiasi, na katikati huhesabiwa kwa robo robo. Mwaka 1989 Edmonson na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walitoa chati inayoonyesha sehemu 8 za mwili za kutazamwa, kusudi watu wawili wakisimama mbele ya ng'ombe mmoja wasitofautiane sana. New Zealand wana kipimo chao cha 1 hadi 10. Hesabu hutofautiana, mgongo ni ule ule.

Ng'ombe anayekaribia kuzaa hutakiwa awe na alama 3 hadi 3.5 hivi katika kipimo hicho cha 5. Aliye chini sana hana akiba. Aliye juu sana naye yu hatarini, na huyo ndiye tumsahauye, maana sisi tukimwona ng'ombe mnene humsifu mwenyewe. Lakini ng'ombe aliyenona mno huweza kuzaa kwa shida, na akiisha kuzaa hukosa hamu ya kula, mafuta ya mwili wake yakayeyuka kwa wingi na kujaa katika ini, akaugua wakati ule ule ambao watu wa nyumbani wanangoja maziwa.

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu ndilo linalolifanya swali hili kuwa la haki, wala si la ufundi peke yake. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa akizaa, maziwa yake hupanda haraka na kufika kilele juma la 6 hadi la 8 hivi. Ulaji wake nao hupanda, ila polepole, nao hufika kilele baadaye. Kwa majuma hayo yote hutoa zaidi ya anavyopata. Tofauti hiyo haitoki hewani. Hutoka mgongoni mwake. Ndama wake hahitaji maziwa yote hayo. Ni wanadamu waliomchagua mama yake, na nyanya yake, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu walijaza ndoo. Kwa hiyo mfupa wa nyonga unaochomoza kwa ng'ombe aliyezaa mwezi uliopita si bahati mbaya, wala si uvivu wake wa kula. Ni hesabu ya kazi tuliyompa sisi. Kupungua kidogo ni jambo la kawaida, na mwili wake umeumbwa kulivumilia. Kupungua sana humfanya asiingie joto kwa wakati, asishike mimba, augue, na mwisho auzwe kwa bei ya mifupa.

Basi kuutazama mgongo wake si udadisi. Mtu aliyekopa kwa jirani yampasa kujua amekopa kiasi gani. Swali la kijana wetu laweza kuulizwa hivi: wajibu huo wa kutazama, je, chombo chaweza kuutimiza badala yetu?

Chombo chenyewe hakikuanza kwa makuu. Mwaka 2008 Bewley na wenzake walieleza jinsi picha za migongo ya ng'ombe zilivyopigwa kutoka juu, kisha mtu akatia alama 23 juu ya picha kwa mkono wake, nyonga hapa, shina la mkia pale, ndipo pembe za mifupa zikapimwa na kulinganishwa na alama za wapapasaji. Wakati huo mtu ndiye aliyekuwa akiona. Mashine ilisaidia kuhesabu. Baadaye zikatumika kamera zinazopima kina, yaani umbali wa kila sehemu ya mgongo kutoka kwenye kamera, hata mgongo ukaonekana kama nchi yenye vilima na mabonde. Mojawapo ya vyombo hivyo, kiitwacho Kinect, kilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2010 kwa ajili ya michezo ya sebuleni. Watafiti wakakichukua na kukitundika juu ya ng'ombe. Jambo hilo lilitufurahisha kidogo. Leo kampuni ya DeLaval ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1883, ni mojawapo ya zinazouza kamera ya kazi hii. Hutundikwa juu ya njia ambayo ng'ombe hupita. Chombo kimoja husoma hereni ya sikio lake, kamera huchukua picha ya mgongo angali akitembea, kompyuta hutoa alama, nayo huandikwa mahali pake. Ng'ombe hasimamishwi wala hapapaswi.

Kwa ndama na mitamba kazi hufanana na hiyo, ila hapo kamera hupima kimo, upana wa nyonga na ukubwa wa kiwiliwili, kisha uzito ukakadiriwa. Uzito una maana kubwa kwa mtamba. Ndama wa Friziani huzaliwa na kilo 40 hivi, na mtamba hufaa kupandishwa anapofika asilimia 55 hadi 60 ya uzito wa utu uzima wake. Kama ng'ombe wakubwa wa zizi hilo wana kilo 650, basi ni kilo 360 hadi 390 hivi. Akipandishwa kabla ya hapo huzaa angali mtoto. Huku kwetu hukadiria kwa utepe unaozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Asiyeipenda kamera na akumbuke kwamba utepe nao ni chombo. Haujui ng'ombe, wajua mzunguko wa kifua tu. Hata hivyo hatujasikia mtu akimlaumu bwana mifugo kwamba kwa kutumia utepe ameacha kutunza.

Tena yako mema ya kamera ambayo mkono hauna. Kila mmoja wetu ameona jinsi watu wa nyumba moja wanavyokuwa wa mwisho kujua kwamba mtoto wao amekonda. Shangazi akifika kutoka mbali baada ya miezi mitatu, hajaketi bado, amekwisha kusema. Si kwamba shangazi anampenda mtoto kuliko mama yake. Ni kwamba yeye hakuziona zile siku tisini za katikati. Jicho lililozoea hupokea kila siku badiliko dogo, likaliita hali ya kawaida, na kesho yake likaanzia hapo. Ndivyo ilivyo zizini pia. Anayemwona ng'ombe wake asubuhi na jioni aweza kumwona akipoteza nusu ya alama nzima, naye asijue kwamba ameona kitu. Ndiyo maana wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kamera ni mgeni wa namna hiyo, ajaye kila siku na asizoee. Haina ng'ombe impendaye kwa rangi yake, wala imchukiaye kwa mateke yake. Tena haiogopi kusema kwamba ng'ombe wa tajiri amekonda, neno ambalo kibarua aweza kulimeza kwa ajili ya mshahara wake. Yule mama aliyesema habari ya mlevi alikuwa na haki.

Hata hivyo, tuliposoma zaidi tulikuta jambo lililotukalisha. Kamera hii ilifundishwa. Ilionyeshwa migongo mingi pamoja na alama walizotoa watu, ikajifunza kuwafuata. Sasa katika mazizi yanayotunzwa kwa kadiri, ng'ombe wengi huwa katikati. Waliokonda sana ni wachache, na walionona mno ni wachache. Kwa hiyo mwanafunzi huyu ameona mifano mingi ya katikati na michache ya pembeni. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao baada ya kuilinganisha kamera inayouzwa madukani na alama za watu. Kati ya alama 3 na 3.75 kamera ilikwenda pamoja na watu vizuri. Chini ya 3, na juu ya 3.75, haikuwa sahihi hivyo. Yaani ng'ombe asiye na shida huonekana sawasawa, na yule mwenye shida ndiye ambaye mashine yaweza kumkosea.

Yako na mengine. Kamera ikiwa imetundikwa kwenye njia ya kutoka kukamuliwa, basi huwaona wanaokamuliwa tu. Ng'ombe aliyekaushwa maziwa hapiti hapo, naye hukaushwa kwa majuma 8 hivi kabla ya kuzaa, wakati ambapo hali ya mwili wake ina maana kuliko wakati wote. Ng'ombe aliyelala chini asiweze kuinuka hapiti hapo. Akina mama watatuelewa upesi hapa, kwa sababu wanaijua kadi ya kliniki. Kadi ya kukua kwa mtoto, ambayo daktari David Morley aliitumia kule Ilesha, Nigeria, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi, imeokoa watoto ambao hesabu yao hatuwezi kuijua. Lakini mstari wa kadi huchorwa kwa mtoto aliyeletwa. Muuguzi mwenye busara, akiisha kupima watoto wote waliopanga foleni, hufungua daftari na kuuliza ni nani hakuja leo. Kamera haiulizi hivyo, isipokuwa mtu ameiagiza iulize.

Vyombo huboreshwa, na huenda kasoro hizi zikapungua. Hatuandiki ili kukicheka chombo. Twaandika kwa sababu kasoro yenyewe ni ya kwetu tangu zamani, na chombo kimeirithi kwa walimu wake. Kamati ngapi zimeketi zikasema kwamba mwaka huu mtaa hauna njaa, kwa kuwa wengi wamevuna?

Yule mzee aliyesema ng'ombe hutunzwa kwa mkono atatuambia, basi, mwenye shamba na aingie zizini apapase. Na tuhesabu. Kwa sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022, zaidi ya nusu ya ng'ombe wa maziwa wa nchi ile walikuwa katika mashamba yenye ng'ombe 1000 au zaidi. Mtu mmoja akimpa kila ng'ombe dakika moja tu ya kumtazama na kumpapasa, dakika 1000 ni zaidi ya saa 16. Hawezi kufanya hivyo kila siku, wala kila juma. Kwa hiyo si kamera iliyomtenga mtu na ng'ombe wake. Walitengana siku nyingi, kwa wingi, na kwa bei ya maziwa inayomlazimisha mfugaji kuongeza ng'ombe ili apate faida ile ile. Uingereza walikwisha kubishana juu ya mambo haya kabla ya kamera hizi kufikiriwa. Ruth Harrison alitoa kitabu chake juu ya wanyama wanaofugwa kama mashine mwaka 1964, serikali ikaunda kamati chini ya Brambell iliyotoa taarifa mwaka 1965, na mwaka 1979 baraza la ustawi wa mifugo likaandika haki tano za mnyama anayefugwa, ya kwanza ikiwa asiteswe na njaa wala kiu. Ukiwa na ng'ombe 1000, hutajua kwamba mmoja ana njaa mpaka uwe na njia ya kumwona. Kamera ni njia mojawapo. Asiyeitaka na aseme ana njia gani nyingine, au aseme kwamba ng'ombe 1000 ni wengi mno kwa mwenyewe mmoja. Neno hilo la pili laweza kuwa kweli, lakini ni neno juu ya ukubwa wa shamba, wala si juu ya kamera.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Zamani mwenye ng'ombe wengi aliweza kusema, sikujua, na neno lake likawa na ukweli ndani yake. Leo kila asubuhi huletewa orodha. Ng'ombe mwenye hereni fulani alikuwa na alama 3, juma lililopita 2.75, leo 2.25. Ameambiwa. Hawezi tena kusema hakujua. Watu wengi hudhani kwamba kamera humpunguzia mwenye ng'ombe mzigo. Sisi twaona humwongezea, maana ajuaye na asitende ana kosa kubwa kuliko asiyejua. Na hatari iko hapa, kwamba orodha huleta utulivu wa namna yake. Mtu aliyeisoma huona kama amekwisha kufanya kitu. Sisi wa kamati twaijua hali hiyo sana: taarifa husomwa, huandikwa kwamba imepokelewa, mkutano hufungwa kwa sala, na bati linalovuja hubaki likivuja.

Tena alama hiyo moja ya 2.25 haisemi sababu. Huenda chakula ni kidogo. Huenda ng'ombe wenye nguvu wanamsukuma horini. Huenda kwato yake ina kidonda, na kila hatua ya kwenda kula inamwuma, naye amechagua kulala. Huenda ana ule ugonjwa wa baada ya kuzaa ambao pumzi yake hunuka utamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wako watu wanaoisikia harufu hiyo mara waingiapo bandani, na wako wasioisikia kabisa. Kamera haina pua. Wala haioni kwamba amesimama peke yake na masikio yamelegea, wala kwamba wenzake wanacheua na yeye hacheui. Siku hizi viko vyombo vingine vya kuhesabu kucheua na hatua, vyafungwa shingoni au mguuni. Kila kimoja hujibu swali lake. Swali la kwa nini humngoja mtu aende akasimame pale.

Na kwa alama ile ile moja ng'ombe aweza kuongezewa chakula, aweza kuitiwa daktari, aweza kupakiwa katika lori la machinjioni. Kamera haichagui kati ya hayo. Anayechagua ni mtu, hata kama atasema kompyuta ndiyo iliyosema. Hatusemi kwamba kumchinja ng'ombe ni dhambi. Sisi tulao nyama kwenye sikukuu hatuna ulimi wa kusema hivyo. Twasema tu kwamba ng'ombe aliyepoteza mgongo wake kwa kutujazia ndoo astahili walau kutazamwa na mtu mwenye miguu kabla lori halijaitwa.

Rafiki yetu mmoja mfugaji, aliposikia hayo, alitupinga kwa neno zito. Alisema ng'ombe haombi kujulikana. Haombi jina, haombi kupendwa. Aomba majani, maji, mahali pakavu pa kulala, na asipigwe. Ng'ombe asiyejulikana na mtu lakini ameshiba, alisema, yu heri kuliko ng'ombe anayeitwa Malaika hali mbavu zake zahesabika kutoka barabarani. Twakubali. Ng'ombe wa namna hiyo tumewaona, wameitwa majina mazuri. Upendo wa mdomoni haujawahi kumnenepesha mnyama.

Lakini kutazama si sawa na kupenda, wala hatukusema hivyo. Kutazama tunakozungumzia ni kule kwa mtu aliye tayari kuinuka. Kamera huona, na huona vizuri katika mipaka yake, lakini haiwiwi kitu na ng'ombe. Haikunywa maziwa yake. Haiwezi kupuuza wala kujali, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa wala kusifiwa. Twamjibu kijana wetu hivi: mwenye ng'ombe aweza kuiachia kamera kazi ya kuona. Deni hawezi kuiachia. Kama anatunza au ameacha, hutaligundua kwa kuitazama kamera. Fuata orodha uone inakwenda kwa nani. Ikienda kwa mtu aliye zizini, mwenye ruhusa ya kumtenga ng'ombe yule leo hii na kumwongezea mashudu bila kungoja barua, basi bwana yule anatunza, hata kama kamera ndiyo iliyoanza kuona. Ikienda ofisini mjini, na yule mwenye uma wa majani mkononi haruhusiwi kufanya lolote ila aliloandikiwa, basi jicho liko mahali pamoja na mkono mahali pengine, na ng'ombe yuko katikati.

Liko bado jambo moja ambalo hatuna jibu lake. Kijana anayeanza kazi katika shamba lenye kamera hapewi sababu ya kujifunza kupapasa. Alama imekwisha kuandikwa; apapase ya nini? Baada ya miaka ishirini, wale waliojifunza kwa mkono watakuwa wamestaafu. Na kumbukeni kwamba kamera ilifundishwa kwa alama zao, na ilipochunguzwa mwaka 2019 ilichunguzwa kwa kulinganishwa na mikono yao. Wakiisha wao, nani atajua kwamba kamera imekosea? Lugha yetu hutumia neno moja, mchungaji, kwa mtu wa zizini na kwa mtu wa kanisani. Padre ametuomba tusilivute neno hilo mwezi huu, nasi tumemtii. Ila swali la nani atamfundisha mrithi wa kazi lingeweza kuulizwa pande zote mbili.

Kwetu sisi wa mtaa huu, wenye ng'ombe mmoja au wawili walio bandani na mabingobingo ya kukata kila siku, kamera ile haitakuja karibuni, na bei yake hailingani na zizi letu. Shida yetu nayo si wingi. Ni ile ya jicho lililozoea. Kwa hiyo vijana wametoa shauri, nasi twaliunga mkono: nyumba nne nne za jirani zishirikiane, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kila mmoja akatazame ng'ombe wa mwenzake. Mgeni apitishe mkono kiunoni, nyongani na kwenye shina la mkia, aandike alama yake kwenye karatasi kabla mwenyeji hajasema kitu. Mwenyeji naye aandike yake. Ndipo karatasi zifunguliwe. Wakipishana kwa zaidi ya nusu alama, aitwe bwana mifugo aamue. Waanze na ng'ombe waliozaa ndani ya miezi miwili, kisha waliokaushwa, kisha mitamba. Utepe wa kupimia mitamba ni mmoja tu kwa mtaa mzima, nao uko kwa katibu wa umoja wa akina mama. Anayeuazima aurudishe siku ile ile, na asiufue kwa maji ya moto, maana namba zimeanza kufutika.